Tuzisome Bunduki Kuukuu Kabla ya Kuzichoma

Mnamo Novemba 2016 serikali iliwasha moto huko Ngong na kuteketeza bunduki 5,250 zilizokuwa zimenaswa mikononi mwa majambazi, wezi wa mifugo na wengine waliozimiliki kinyume cha sheria. Haukuwa moto wa kwanza wa aina hiyo nchini, wala haukuwa wa mwisho. Kenya ni miongoni mwa mataifa yaliyotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogondogo, na kuteketeza silaha haramu ni sehemu ya ahadi hiyo. Mwananchi wa Baringo au Turkana aliyezika jamaa zake kwa sababu ya risasi hawezi kuulilia moshi ule, nasi hatuulilii.

Hata hivyo, lipo neno moja tungependa kulinena mbele ya walimu na wanafunzi wa historia, ambao ndio wasomaji wetu wa kila siku. Katika moto wa namna hiyo silaha hutajwa kwa idadi tu. Bunduki iliyovushwa mpakani mwaka jana na bunduki iliyoundwa kabla ya babu zetu kuzaliwa zote ni moja na moja, jumla mbili. Lakini bunduki kuukuu ya kijeshi ni waraka. Imeandikwa mwilini, na mwenye kuijua lugha yake huisoma kama tusomavyo barua. Swali letu ni hili: je, yuko anayezisoma zetu kabla hazijawa majivu?

Wenzetu wanazisoma. Uko Uingereza na Marekani uraibu ambao kwa Mkenya wa kawaida ni kioja. Watu wazima wenye heshima zao, miongoni mwao walimu waliostaafu na mafundi wa magari, hukusanya bunduki zilizoachwa na majeshi baada ya kupatikana silaha mpya. Hatusemi zile zilizonakshiwa kwa fedha na dhahabu za kupamba kasri. Hizi ni za askari wa kawaida, zilizofuliwa viwandani kwa mamilioni, zikabebwa matopeni, kisha zikauzwa kwa bei ya kutupa. Mosin-Nagant ya Kirusi, iliyoanza kutumika mwaka 1891, inakadiriwa kuwa ilitengenezwa kwa idadi ya milioni 37. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, bunduki hizo zilimiminika Marekani ndani ya masanduku ya mbao, zimegandamana kwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, na kwa miaka mingi mtu aliweza kujipatia moja kwa chini ya dola 100. Leo bei hiyo imebaki hadithi.

Hawaishii kuzitundika ukutani. Wengi wao huzipeleka uwanjani kulenga shabaha. Uwanja mashuhuri wa Waingereza ni Bisley, katika jimbo la Surrey, ambako chama chao cha walenga shabaha kilichoasisiwa mwaka 1859 kimekuwa tangu 1890. Pale utamwona mzee amelala kifudifudi nyasini, ukanda wa bunduki ameuzungusha mkononi, akilenga shabaha iliyo umbali wa yadi 200, 300, hata 600, bila darubini, kwa alama zile zile za chuma alizozitumia askari wa mwaka 1916. Anapiga, anarudisha nyuma kile chuma kinachoteleza kama komeo la mlango, ganda tupu linaruka, anakisukuma mbele na risasi nyingine inaingia. Bunduki ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield, ile inayotumia risasi ya .303, huchukua risasi 10 kwa mara moja, ilhali Mauser ya Wajerumani huchukua 5. Askari wa Uingereza wa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alitakiwa kupiga 15 zilizolengwa vyema katika dakika moja. Anayejaribu leo hufahamishwa na bega lake mwenyewe maana ya agizo hilo. Anatambua pia kwamba chombo hicho kina uzito wa karibu kilo 4, na ndicho alichopanda nacho milima na kuvuka nacho mito kijana wa King's African Rifles kutoka Nandi, Kitui au Nyasaland.

Kuna somo la kemia humo pia. Fataki za risasi nyingi za zamani zilitiwa klorati ya potasiamu. Ikilipuka, huacha kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu, nayo ni chumvi inayovuta unyevu wa hewani. Ukiiacha bunduki hivyo jioni, asubuhi utakuta kutu. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi hiyo. Dawa yake ni maji ya moto, ndipo yafuate mafuta. Majeshi yaliyajua haya, na askari wa kikoloni aliyezembea kumimina maji mtutuni aliadhibiwa bila kuelezwa kisa na maana.

Lakini utamu wa uraibu huu, kwa maoni yetu, umo katika kusoma mihuri. Ichukue Lee-Enfield moja. Kwenye chuma kinachozunguka kitako utaona taji, herufi za jina la mfalme aliyetawala, jina la kiwanda na mwaka. Kiwanda chaweza kuwa Enfield kwenyewe, au Ishapore karibu na Kolkata, au Lithgow nchini Australia, au Long Branch nchini Kanada. Ziko zilizoundwa Marekani wakati wa Vita vya Pili na kupigwa muhuri unaozitaja kuwa ni mali ya serikali ya Marekani, ingawa zilikuwa za kukopeshwa Mwingereza. Alama ya mshale mmoja ni ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona mishale miwili imekutanishwa ncha kwa ncha, ujue serikali imekwisha kuiuza. Nambari ya bunduki huandikwa mwilini na huandikwa tena kwenye komeo. Zikilingana, vyuma hivyo viwili vimeishi pamoja tangu kiwandani. Zisipolingana, mwenye busara hapigi risasi hata moja kabla fundi hajapima nafasi iliyopo baina ya komeo na kitako cha risasi, kwani nafasi ikizidi ganda hupasuka karibu na uso wa mpigaji.

Kwa sababu hiyo mkusanyaji wa kweli haguswi na tamaa ya kuing'arisha bunduki yake. Hapigi msasa ubao, hafuti mikwaruzo, haondoi herufi ambazo askari asiyejulikana alizichonga kwa kisu akiwa handakini. Anajua kwamba atakuwa amefuta maandishi. Na kwa kuwa mihuri adimu hupandisha bei, wako matapeli wanaogonga mihuri ya bandia, hivyo mkusanyaji hujifunza kutilia shaka kila anachokiona, kukilinganisha na vingine na kutafuta ushahidi wa pili. Mwalimu wa historia anayehangaika kuwaeleza wanafunzi wake tofauti ya chanzo cha kutegemewa na chanzo cha kupotosha atakiri kwamba mkusanyaji huyo, ambaye huenda hakumaliza shule, anaifanya kazi hiyo kila Jumamosi.

Sasa turejee nyumbani. Lugha yetu yenyewe ni ghala la bunduki kuukuu. Kamusi za zamani za Kiswahili zinatofautisha bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki. Na bunduki ya viasi, yaani ile iliyotiwa risasi iliyokamilika ndani ya ganda. Kwa nini mtu wa pwani alihitaji majina yote haya? Kwa sababu kila majeshi ya Ulaya yalipojipatia silaha mpya, yale ya zamani yalishushwa bandarini kwetu. Mwingereza alipoacha Snider na kuchukua Martini-Henry mwaka 1871, Snider zikasafiri. Mfaransa alipogundua baruti isiyotoa moshi na kuunda bunduki ya Lebel mwaka 1886, zile Gras zake za mwaka 1874 zikatafuta wanunuzi, na wengi wao walikuwa Pembe ya Afrika. Balozi wa Uingereza mjini Unguja alikadiria mwaka 1888 kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipenya Afrika Mashariki kila mwaka kupitia kisiwa hicho. Zililipiwa kwa pembe za ndovu na, tusifiche, kwa binadamu.

Wanafunzi wa fasihi huenda wakafurahi kusikia kwamba miongoni mwa wachuuzi wa masalio hayo alikuwamo Arthur Rimbaud, mshairi wa Kifaransa aliyeacha kutunga akiwa bado kijana. Mwaka 1887 aliongoza msafara wa ngamia kutoka pwani hadi Shewa na kumuuzia Menelik bunduki kuukuu za fataki zipatazo 2,000. Biashara ile haikumtajirisha.

Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Mataifa makubwa yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika eneo lote la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na haikuwa sababu ya uongo mtupu. Lakini uliachwa mwanya: Mwafrika aliruhusiwa kuuziwa gumegume yenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida. Waliokuja kututawala walikuja na bombomu za Maxim. Waliopigana Maji Maji kuanzia mwaka 1905 walizikabili kwa mikuki na kwa silaha za zamani zilizojazwa kutokea mdomoni. Leo mke aliyechoshwa na mume asiyeleta chochote nyumbani humwita gumegume, na hapana shaka anajua anachokisema.

Hata askari Waafrika waliotumwa kupigana vita vya Wazungu walipewa makombo. Vita vilipozuka mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wa Wajerumani katika Tanganyika ya leo walikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Kila mpigo ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Waingereza waliposhindwa vibaya huko Tanga mnamo Novemba mwaka huo, waliacha nyuma bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000, nazo zikawavisha Wajerumani upya. Von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki walizozishika askari wake zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Mihuri ya bunduki zile peke yake ilitosha kusimulia vita vyote: ziliporwa wapi, kutoka kwa nani, na kwa mkondo upi.

Tunapofika miaka ya dharura, jambo hili linaacha kuwa la ghala na linakuwa la damu. Majeshi ya serikali yalikuwa na .303. Wapiganaji wa msituni walikuwa na chache walizozipora, na penye upungufu walijiundia zao kwa bomba la maji, ubao, mpira wa baiskeli na komeo halisi la mlango. Silaha hizo mara nyingine zilimjeruhi mwenyewe. Na sheria za dharura zilifanya kumiliki bunduki, au hata risasi, kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Shtaka lililompeleka kitanzini halikuwa la kuua mtu bali la kupatikana na bastola na risasi zake. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Mlima Kenya bunduki kuukuu haikuwa kitu cha kurithisha wajukuu. Ilizikwa, ikatupwa mtoni, au ikasalimishwa kimyakimya. Mmarekani hutundika ya babu yake juu ya meko; wa kwetu walikufa bila kukiri kama waliwahi kuishika.

Kaskazini hadithi ni nyingine tena. Hata katika karne hii wapo polisi wa akiba waliokabidhiwa .303 kulinda vijiji na mifugo, ilhali wavamizi walikuja na AK-47. Chombo ambacho mzee wa Bisley anakifanyia mchezo wa Jumamosi kilikuwa ndicho ngao pekee ya mfugaji.

Atatokea wa kutuuliza: je, mnataka Wakenya nao waanze uraibu huo? La, hasha. Bunduki haizeeki kama mtu anavyozeeka, risasi ya.303 inaua leo kama ilivyoua Salaita mwaka 1916. Wamarekani wenyewe walifunzwa hivyo kwa uchungu. Mwaka 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza kwa posta bunduki kuukuu ya Kiitaliano, Carcano iliyoundwa Terni mwaka 1940, kutoka duka la Chicago. Bei yake, pamoja na darubini, haikufika dola 20. Ndiyo iliyomuua Rais Kennedy, na ni ndugu wa zile ambazo Waitaliano walizisalimisha Ethiopia mwaka 1941 mbele ya askari waliokuwamo vijana wetu wa KAR. Sheria ya mwaka 1968 ilizuia silaha za namna hiyo kuingizwa Marekani, na mlango haukufunguliwa tena hadi miaka ya themanini. Kwa hiyo hatuombi leseni zilegezwe hata kidogo. Tunachokitamani ni yale macho ya mkusanyaji. Kidole chake cha kufyatulia akae nacho mwenyewe.

Na yako mengine ya kutuamsha. Katika miaka ya karibuni marundo ya bunduki kuukuu yamenunuliwa nchini Ethiopia na kusafirishwa Marekani kuuziwa wakusanyaji: Gras za Kifaransa, Carcano na Vetterli za Kiitaliano, Remington, Lee-Enfield. Ni taifa lililowashinda Waitaliano huko Adwa tarehe 1 Machi 1896, likitumia kwa kiasi fulani bunduki ambazo Waitaliano hao hao walimpa Menelik kabla ya kukosana naye. Baadhi ya bunduki zile zimechakaa hata hazifai kupigwa, lakini wanunuzi wanazigombea kwa sababu ya historia yake. Ulaya ilituuzia takataka zake. Sasa takataka hizo zimekuwa hazina na zinarudi kwao. Mwanafunzi wa Addis Ababa atakayetaka kuishika bunduki ya zama za Adwa huenda ikambidi aombe viza. Ethiopia angalau ililipwa. Sisi tunawasha kiberiti.

Walimu hawana haja ya kungoja serikali. Mwalimu wa Nairobi anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kwenye sanamu za Barabara ya Kenyatta, zilizozinduliwa mwaka 1928, awaulize ni yupi kati ya wale watatu asiye na bunduki, na kwa nini. Jibu litawafikisha kwa wapagazi wa Carrier Corps, waliokufa kwa makumi ya maelfu na kutuachia jina la Kariokor. Mwalimu wa Taita Taveta ana bahati zaidi, kwa kuwa wachungaji wa Maktau, Mbuyuni na Salaita wangali wanaokota maganda ya risasi za vita vile, na kwenye kitako cha ganda huwa kumepigwa herufi za kiwanda na mara nyingi mwaka. Kwa maganda 20 tu darasa linaweza kuchora ramani ya nani alisimama wapi. Tunasisitiza: maganda matupu. Risasi nzima haiguswi hata ikiwa imekaa ardhini miaka 100. Huachwa ilipo na polisi huitwa. Mwalimu wa Kiswahili naye aifungue kamusi kwenye neno bunduki.

Kwa wakuu wa polisi na wa Makavazi ya Taifa ombi letu ni dogo. Kabla ya rundo lijalo, apitie mtaalamu mmoja wa makavazi akiwa na fundi wa silaha wa polisi. Zile chache zenye umri na habari zitengwe, mitutu izibwe kwa chuma na makomeo yakatwe yasifyatue tena, kisha ziwekwe Nairobi, Fort Jesus na Lodwar, kila moja na maelezo yake. Zinazobaki zichomwe zote, lakini kila moja iachiwe karatasi yake: nambari, kiwanda, mwaka, mihuri, na mahali iliponaswa. Karatasi hizo zitawafaa hata wapelelezi wanaotaka kujua silaha hupitia njia ipi kuingia nchini. Ni kazi ya siku chache kwa watu wawili wenye penseli na kamera.